Anza na Skrubu

Kuna Honda XL125S nyekundu inayozunguka hapa Mwanza siku hizi, na kila inaposimama inakusanya watu. Tenki linang'aa hadi unajiona uso. Rimu zimesuguliwa, kiti kimeshonwa upya, na injini nzima, kuanzia hedi hadi chini, imepuliziwa rangi ya fedha. Niliikuta imeegeshwa maeneo ya Mlango Mmoja, mwenyewe akisimulia jinsi alivyoifufua nyumbani kwake bila msaada wa mtu, na waliomzunguka wakimmwagia sifa: mkono wa dhahabu, pikipiki kama imeshushwa bandarini leo. Nikachuchumaa upande wa klachi. Skrubu nne za kava zilikuwa zimetafunwa vichwa, mbili kati yake zina alama za tindo, na ya chini kabisa haikuwepo. Tundu lake limezibwa kwa silikoni nyeusi. Nikainuka, nikaondoka kabla hajaiwasha.

Yule kijana simlaumu sana. Walionichefua ni waliokuwa wakisifu, maana miongoni mwao nilitambua mafundi, watu wanaolipwa kila siku kufungua injini za wenzao. Kazi mbovu ikisifiwa na fundi hadharani, kijana anayejifunza anaondoka na kipimo kibovu kichwani, na kesho atakitumia kumfundisha mwenzake. Ndivyo tulivyofika hapa, kwenye mji uliojaa pikipiki zinazong'aa zisizoweza kufika Geita na kurudi.

Nazungumzia pikipiki za safari za zamani: Honda XL125 na XL185, Yamaha DT, Suzuki TF, na ile AG100 ya wakulima. Wengi wetu tuliziona kwanza chini ya mabwana shamba waliofunzwa Ukiriguru, wauguzi wa chanjo na mapadre wa vigangoni. Zilitoka Misungwi zikaenda Sengerema, zikatoka Magu zikaingia Meatu kwenye udongo mweusi unaonata, zimefungwa mizigo nyuma, na zikarudi. XL ndogo zilianza kutoka katikati ya miaka ya 1970, na hii ya S ikafuata mwishoni mwa muongo huo, kwa hiyo zile za mwanzo zimeshavuka miaka 40. Boxer na TVS za bodaboda zina kazi yake na heshima yake, ila spea zake zipo kila kona, na injini ikifa unafunga nyingine jioni hiyohiyo. XL haina huruma hiyo. Ukivunja kitu, utakitafuta Gerezani kule Dar es Salaam, utapiga simu Kirinyaga Road ya Nairobi na soko la Kisekka Kampala, na bado unaweza kukikosa. Anayeifungua nyumbani anashika kitu ambacho hakitatengenezwa tena. Ashike kwa adabu.

Kuhusu rangi nitasema mara moja. Injini haipakwi rangi. Alumini iliyotoka kiwandani ina rangi yake, ikizeeka inakuwa ya kijivu kilichopoa, na hiyo ndiyo rangi sahihi ya injini ya XL. Anayepulizia rangi ya fedha anaficha kitu, au anajifunza kuficha. Rangi hiyo pia inaziba jasho la oili, ambalo ndilo linalokuonyesha gasketi ipi imechoka. Sitaki kusikia hoja nyingine juu ya hili.

Sasa, skrubu. Mgeni wa mambo haya anaanza na tenki. Anayejua kidogo anasubiri iwashwe atazame moshi. Anayejua hasa anachuchumaa kulia, anasoma vichwa vya skrubu za kava la klachi, anahamia kushoto kwenye kava la magneti, anamalizia juu kwenye kofia za tapeti. Hapo ndipo palipoandikwa nani alifungua, kwa kifaa gani, kwa haraka au kwa utulivu, na kama alijua atakachokikuta ndani. Rangi inaweza kununuliwa kwa siku moja. Kichwa cha skrubu kilichoharibiwa kinabaki kinashuhudia.

Skrubu za Honda za wakati ule zina msalaba kichwani, na watu wakiona msalaba wanachukua bisibisi yoyote ya nyota. Uharibifu unaanzia hapo. Msalaba wa Kijapani na ule wa Phillips haifanani. Phillips ulienea kutoka Marekani kuanzia miaka ya 1930, na ncha ya bisibisi yake ina umbo ambalo halishuki hadi mwisho ndani ya skrubu ya Kijapani: ncha inagota chini kabla kingo hazijakaa. Ukisukuma na kuzungusha, bisibisi inapanda na kuchomoka, na inapochomoka inaondoka na unga wa chuma. Mara ya pili inachomoka upesi zaidi. Mara ya tatu msalaba umekuwa shimo la mviringo, na hapo ndipo nyundo na tindo vinapoitwa. Skrubu ya Kijapani hujitambulisha yenyewe: tazama kichwani, pembeni mwa msalaba, utaona kidoti kimoja kidogo kilichobonyezwa. Wengi wametengeneza Honda miaka na miaka bila kukiona. Kidoti hicho ndicho kinachosema tafuta bisibisi yangu.

Kisha kuna suala la ukubwa, ambalo hata wenye bisibisi halisi ya Kijapani hulikosea. Watu wamezoea namba 2 kwa kila kitu, kuanzia taa hadi kabureta. Skrubu za milimita 6 zinazoshika makava ya injini zinataka namba 3. Namba 2 itaingia, itacheza kidogo, itazungusha zile zilizolegea na kuua zile zilizokaza. Ukikosa kabisa ya Kijapani, chukua Phillips namba 3 ya chuma kizuri, ikwangue ncha kidogo kwenye jiwe la kunolea, ijaribu, ikwangue tena, mpaka ishuke yote na kusimama wima bila kushikwa. Bisibisi inayosimama peke yake juu ya skrubu iko tayari kufanya kazi. Inayolala pembeni irudishe kwenye boksi.

Chuma na alumini vikikaa pamoja muda mrefu vinashikana, hasa huku kwetu, ambako nusu ya pikipiki huoshwa ufukweni injini ikiwa bado moto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda mita 60 za kandokando ya ziwa, na hata kama isingekuwepo, maji baridi juu ya alumini ya moto ni ukatili. Skrubu iliyoshikana haizungushwi kwa nguvu za mkono, inaamshwa kwanza. Kuna bisibisi nzito ya kupiga nyundo, inayozunguka kidogo kila unapoigonga kitako, na pigo moja lililonyooka hutosha. Asiyekuwa nayo aweke bisibisi yenye chuma kilichopita hadi mwisho wa kipini, aigonge kitako mara moja kwa uzito, asikie mlio ukibadilika, ndipo azungushe huku ameegemea kwa mwili mzima.

Aliyenifundisha kusoma skrubu ni mzee mmoja wa Igogo, mstaafu wa karakana ya meli pale Mwanza Kusini. Kazi za pikipiki alizifanya uani kwake, asubuhi tu, kabla jua halijafika kwenye mkeka alioutandika. Kabla ya kugusa skrubu hata moja alipasua boksi la sabuni, akachora umbo la kava kwa penseli, akatoboa tundu kila mahali penye skrubu. Kila iliyotoka ilichomekwa kwenye tundu lake, kichwa juu. Vijana waliokuwa wakipita walimtania kwamba anacheza bao peke yake. Aliwaacha wacheke.

Skrubu za kava la XL hazilingani urefu, na humo ndimo makava mengi yanamofia. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inagota chini. Anayekaza anahisi imekaza, kumbe kava halijabanwa, naye akiongeza nguvu alumini inapasuka. Fupi ikiingia kwenye tundu refu inashika nyuzi tatu au nne tu, na siku ya kufunguliwa inatoka na thredi zote. Mzee hakuwa na haja ya kukumbuka ipi inakwenda wapi, maana boksi lilikumbuka kwa niaba yake. Wakati wa kufunga alipaka tone la oili kwenye kila thredi, akaziingiza zote kwa vidole, kisha akakaza kwa kuvukavuka, huku na kule, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mpaka zote zikabeba mzigo sawa. Skrubu ya milimita 6 ndani ya alumini haitaki zaidi ya uzito wa kilo moja mwishoni mwa mkono wa mita moja. Kiganja kikianza kuuma, umeshapita. Alipomaliza, misalaba yote ilikuwa na kingo kali kama alivyoikuta. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua hivyo kwa pikipiki ya mtu ambaye hata hatazitazama skrubu zake. "Siku meli ikizimika katikati ya ziwa, kijana wangu," alisema, "utazifungua hizohizo gizani, na bisibisi moja."

Mkono wa namna ile siuoni tena mara kwa mara. Vijana wanaopita VETA Nyakato wanajua mambo mengi ambayo mzee yule hakuyajua, umeme wa kisasa hasa, lakini wakitoka nje wanakuta gereji ambayo malipo ni kwa idadi ya pikipiki zilizoondoka kabla ya magharibi. Hapo boksi la sabuni halina nafasi. Wale wazee wa karakana za meli, za reli na za kiwanda cha Mwatex walifunzwa mahali ambapo kifaa kilirudishwa stoo kwa saini na skrubu iliyopotea ilitafutwa mpaka ipatikane. Adabu hiyo waliileta majumbani, wakawapa watoto wa jirani bure.

Watu wengine hutatua tatizo kwa kung'oa skrubu zote na kuweka boliti za alenki. Sizikubali kwenye XL. Zinaonekana ngeni, na ubaya wake wa kweli ni kwamba zinampa mtu asiye na mkono mwepesi nguvu asiyostahili: ufunguo wa alenki mrefu utakaza mpaka thredi za alumini zife bila kichwa cha boliti kulalamika. Ule msalaba unaochomoka, pamoja na usumbufu wake wote, unamzuia mjinga kidogo.

Matapeli nao wanajua kwamba skrubu zinasema. Alikuwepo mmoja upande wa Igoma aliyenunua XL zilizokufa, akazipika na kuziuza, na kabla ya kumwita mteja alibadili skrubu zote za injini zikawa mpya, zinameta. Aliwanasa wengi kwa njia hiyo. Ila tindo haigusi skrubu peke yake. Penye skrubu iliyowahi kupigwa, daima lipo pigo moja lililoteleza na kuukata ukingo wa kava, kovu fupi lililopinda kuelekea upande wa kufungulia. Makovu hayo aliyasugua kwa msasa. Alumini iliyosuguliwa msasa inameta kwa namna yake, mikwaruzo yote inakwenda upande mmoja, na ukipitisha kucha unahisi bonde pale palipokuwa na kovu. Kwa hiyo skrubu mpya kwenye injini ya zamani ni sababu ya kutazama zaidi. Ukikuta mpya zote, uliza zile za zamani ziko wapi. Mtunzaji wa kweli anazo kwenye kopo, na atakuletea.

Tazama pia kiungo chenyewe, pale kava linapokutana na injini. Kava likikataa kutoka, mvivu anaingiza bisibisi ya bapa katikati na kulipekecha. Linatoka, na linaacha tundu kwenye uso uliopaswa kuwa laini. Gasketi ya karatasi haiwezi tena kuziba hapo, na hivyo ndivyo silikoni inavyoingia nyumbani. Mzee wa Igogo aligonga kava pembeni kwa kipini cha nyundo, pole kwa pole, akilizunguka, mpaka likajiachia lenyewe.

Silikoni inayoonekana nje ni nusu ya ile iliyowekwa. Nusu ya pili imebanwa kuelekea ndani, na huko inang'oka vipande vipande na kusafiri na oili. XL inabeba lita moja ya oili na kidogo juu yake, haina filta ya karatasi ya kubadilisha. Ina wavu kule chini, na kikombe kinachozungushwa na krenki ili uchafu mzito ugande ukutani mwake. Wavu ukijaa silikoni, pampu inakosa cha kuvuta. Wa kwanza kuumia ni hedi, kwa kuwa ndiyo iliyo mbali. Na kamshafti ya XL haina beringi: inazunguka moja kwa moja ndani ya alumini ya hedi yenyewe. Oili ikipungua kwa muda mfupi tu alumini inaliwa, kamshafti inaanza kucheza, tapeti hazisetiki tena, na hakuna bushi ya kununua dukani. Unatafuta hedi nzima ya pikipiki ya mwaka 1980. Hayo yote yameanza na bisibisi isiyokuwa sahihi. Mtu akiniambia skrubu ni urembo tu, namwonyesha hedi niliyoihifadhi kabatini, imeliwa upande mmoja hadi kidole kinahisi ngazi.

Gasketi ikatwe kwa mkasi, kwa mchoro wa penseli, kutoka karatasi ya gasketi ya kweli. Wapo wanaoiweka karatasi juu ya injini na kuikata kwa kuigongagonga na nyundo kwenye kingo. Ni upesi, na wanajivunia, na kingo zinakufa. Boksi la sabuni ni la kuchomekea skrubu. Nimekuta mtu amekatia gasketi humo, na oili ilikuwa imeshalilainisha kama uji.

Jambo la pili linalosifiwa kimakosa ni ukimya. "Sikia injini hii, hailii kabisa," wanasema. Tapeti zilizobanwa hazilii. Zinakaa kimya huku valvu ya ekzosti ikishindwa kukaa vizuri kitini mwake, inaungua ukingoni kidogo kidogo, mpaka kompresheni inakwisha ukiwa katikati ya pori na mzigo nyuma. Uwazi unaotakiwa ni mdogo, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, unapimwa kwa fila, injini ikiwa baridi kabisa, maana yake imelala usiku kucha. Anayeseti tapeti kwa kusikiliza anacheza. XL iliyosetiwa sawasawa ina mlio mwepesi, mkavu, ulio sawa, na mimi nikiusikia natulia moyo. Ukimya mzito wakati mwingine unatoka kwenye kopo: wauzaji humimina oili nzito ya gia, namba 140, kwenye injini iliyochoka, na kwa wiki moja inatulia kama mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi. Chomoa kijiti cha oili, iache idondoke. Ikivutika kama asali, mrudishie funguo.

Na kabla hata ya kijiti, weka kiganja kwenye silinda mara tu unapofika. Ikiwa ya moto, ameiwasha mapema ili usione tabia yake ya asubuhi. Rudi kesho bila taarifa. XL iliyotunzwa huwaka kwa kiki ya pili ikiwa baridi, kwa kiki ya kwanza ikiwa moto, na mpanda wake hapandi juu ya kiki kwa hasira; anaitafuta pistoni kwa mguu kwanza, anaisukuma hadi inapokuwa ngumu, ndipo anakanyaga. Namna mtu anavyopiga kiki inaniambia kama yeye ndiye aliyeitengeneza.

Mengine nitayapitia haraka, kwa sababu yanajulikana au yangepaswa kujulikana. Klipu ya cheni, mdomo utazame nyuma ya mwendo. Spoku zigongwe kwa spana moja moja. Inayojibu kwa sauti nzito imelegea, na tatu zilizolegea pamoja ni gurudumu la kufumua. Plagi iwe na rangi ya kahawia iliyoiva. Waya wa klachi upite njia yake ya kiwandani, usizungushwe mbele ya taa. Tenki libaki na michubuko ya magoti ya waliolipanda, na kerii ya nyuma ibaki na kutu yake ya juujuu iliyofutwa kwa kitambaa chenye oili. Pikipiki ya safari isiyo na alama za safari sijui ilikuwa wapi.

Kuhusu kung'oa injini ya XL na kuweka ya Kichina ya aina ya CG, kunakoitwa ubunifu siku hizi: CG ni injini ninayoiheshimu. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa makusudi ya nchi ambazo oili hubadilishwa kwa kuchelewa, wakaacha cheni ya taimingi na kurudi kwenye fimbo za kusukuma valvu, na ndiyo maana ilinakiliwa kila mahali na bado inabeba abiria wa mji huu. Kwenye fremu yake ni injini ya kweli. Kwenye fremu ya XL inadai mabano ya kuchomelea, cheni haikai mstari mmoja, na fremu iliyovumilia miaka 40 inapindishwa kwa dakika kumi za moto wa kuchomelea. Aliyefanya hivyo asiniambie ameokoa XL.

Anayeanza kutengeneza nyumbani huuliza anunue nini kwanza, na jibu analolitarajia ni seti kubwa ya spana kwenye sanduku jekundu. Nunua bisibisi mbili za Kijapani, namba 2 na namba 3. Nunua fila. Nunua nyundo yenye kichwa cha mpira. Spana za ringi, namba 8 hadi 19, nunua moja moja kadiri unavyohitaji, za chuma kizuri. Spana malaya toa zawadi kwa mtu ambaye huipendi pikipiki yake.

Mahali bora pa kujifunzia kutazama palikuwa kivuko cha Kigongo. Tangu Juni 2025 tunapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 hadi Busisi, dakika chache na umevuka, na kwa wagonjwa waliokuwa wakisubiri zamu usiku daraja hilo ni rehema tupu. Lakini kivukoni pikipiki zilipangwa ubavu kwa ubavu, injini zimezimwa, wenyewe wamesimama kando, na hapakuwa na la kufanya isipokuwa kutazama. Bati la kivuko lilikuwa mwalimu: pikipiki ilidondosha au haikudondosha, na kila mtu aliona. Namkumbuka padre mmoja wa upande wa Sengerema, XL185 yake imejaa tope hadi kwenye kiti, imesimama karibu na DT iliyotoka kupakwa rangi ya buluu. Watu wote walikuwa kwenye ile ya buluu. Chini yake kulikuwa na madoa matatu ya oili kabla hatujafika katikati ya maji. Chini ya ile ya padre bati lilikuwa kavu, na nilipofuta tope kwenye kava kwa kidole gumba, kidoti cha skrubu kilikuwepo, na kingine, na kingine, kava zima. Nilimwuliza nani anamtengenezea. Akaniambia anaifungua mwenyewe, kila baada ya mavuno, na bisibisi yake hampi mtu.

Sasa hakuna foleni, kwa hiyo kipimo lazima ukitafute mwenyewe barabarani. Usikubali kuzungushwa mtaani. Omba muende Magu. Kabla ya kuondoka, futa viungo vyote vya makava kwa kitambaa cheupe na petroli kidogo, vikauke. Panda kwa mwendo mmoja kupitia Kisesa, gia ya juu, bila kuikimbiza na bila kuibembeleza, oili ipate moto wa kweli. Ukifika Magu zima, iegeshe juu ya sakafu safi, kunywa chai, usiitazame mpaka kikombe kiishe. Kisha futa tena viungo vilevile kwa upande wa pili wa kitambaa hichohicho, uanze na kava la klachi chini, pale vumbi linapopenda kushikana na oili. Doa dogo kwenye kofia ya tapeti linavumilika, linatengenezeka kwa saa moja. Mstari mzima wa oili chini ya kava ni uso uliopekechwa, na bei ipungue kwa kiasi cha kava jipya, likipatikana. Kitambaa kikiwa kikavu na vidoti vyote vipo, mpe mwenyewe kiasi alichotaja, taslimu, na usimwombe apunguze hata shilingi.